Chuma Kinachopewa Pole

Watu wa Mgongoni hawaulizani umri, huulizana mitikiso. Kalenda haikai ukutani katika mji ambao ardhi yake hujigeuza. Unaitundika asubuhi, ardhi inajisogeza kidogo kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia, kalenda inaanguka, na ukiiokota hujui tena ulikuwa ukurasa upi. Mwishowe waliziacha. Wakawa wanasema jambo fulani lilikuwa kabla ya mtikiso wa mabirika, au baada ya mtikiso wa harusi ya Bi Kidawa, ule uliomwangusha bwana harusi ndani ya sinia la pilau hata hajamwona bibi harusi. Na kwa kuwa hakuna aliyezishika, siku nazo zikajipa uhuru. Jumanne iliyokwisha kuliwa iliweza kurudi ikabisha hodi, na watu wakaipisha, wakaipikia, wasione ajabu.

Majina nayo yalikuwa hivyo hivyo. Baada ya mtikiso mkubwa yalitoka mahali pake kama vyungu rafuni. Muuza maandazi akaitikia jina la mwadhini, mwadhini akaitikia jina la mke wa muuza maandazi, wakachekana, na jua lilipopanda kila jina lilikwisha kurudi kwa mwenyewe. Ndiyo sababu mtoto wa Mgongoni hapewi jina mpaka apitiwe na mtikiso wake wa kwanza. Jina la kabla ya mtikiso, walisema, ni kofia kwenye upepo.

Sasa chini ya mji huo amelala nani? Wapo waliosema ni ng'ombe. Wapo waliosema ni mfalme wa zamani aliyekataa kufa, naye hujigeuza kila akikumbuka kuwa hatawali tena. Vijana waliosoma walisema ni mawe tu, yanasuguana. Bi Mwamvua alizisikiliza kauli zote hizo huku akichambua mchele, na kila moja aliikubali kwa kichwa, maana aliona kila moja ina ukweli wake na hakuna hata moja inayomfaa. Kwake yeye aliyelala chini ni kiumbe wa Mungu, na mwenye kulala ana haki ya kujigeuza. Swali lake lilikuwa la juu ya ardhi. Mtikiso ukishakuja, ukapita, nyumba ikabaki imesimama, ule mtikiso wenyewe umekwenda wapi? Kitu hakipotei hivi hivi. Hata moshi una pahala unapokwenda.

Jibu, kama lipo, lilikuwa kwenye kona ya sebule yake.

Kila nyumba ya Mgongoni ilikuwa na shokapu. Si ile ya gari, ingawa ukoo wao ni mmoja. Hii ilikuwa bomba la chuma lenye unene wa mguu wa mtu mzima, limelazwa mshazari kwenye kona, kichwa chake kimeshikwa na boriti ya juu na miguu yake imeshikwa na nguzo chini. Ndani yake mlijazwa mafuta mazito kama uji wa mgonjwa, na fimbo ya chuma iliingia na kutoka humo kama mchi ndani ya kinu. Ardhi ikitikisika, nyumba ikaegama, fimbo huingia. Mafuta hubanwa, hupenya kwa shida kwenye vitundu vidogo, hayapigani wala hayakimbii. Na ule mtikiso uliokuja kuvunja ukuta hugeuka joto humo humo ndani. Fundi Mbwana, aliyezihudumia shokapu za mtaa mzima, hakuwa na maneno mengi juu ya kazi yake. Husema tu kwamba shokapu haiuzuii mtikiso. Huuchosha.

Na baada ya kila mtikiso, kabla ya kuokota vyombo, kabla ya kuulizana nani kaumia, watu wa nyumba huiendea kona yao. Mkubwa wa nyumba hutangulia. Huweka kiganja juu ya chuma, husema, "Pole." Kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka mtoto wa kubebwa huinamishwa aguse. Chuma kikiwa cha moto, watu humshukuru Mungu na kwenda kufagia. Chuma kikiwa baridi, hapo ndipo pa kuogopa. Maana mtikiso haukosi kuingia mahali. Kama haukuingia kwenye chuma, umeingia kwenye nyumba, au kwenu.

Mzee Shomari, mume wa Bi Mwamvua, alikuwa mshona kofia, na kigoda chake kilikuwa kwenye kona hiyo. Alikuwa na mgongo mbovu. Ardhi ikishatulia, na pole zikishatolewa, yeye huvuta kigoda akauegemeza mgongo kwenye chuma chenye moto, akafumba macho, sindano mkononi, na kusema, "Nh." Neno lake kubwa lilikuwa hilo. Bi Mwamvua akirudi sokoni amekasirika, ametukanwa na muuza samaki naye akatukana zaidi, atasimama mbele ya kigoda na kuyamwaga yote, na mikono ikiruka. Shomari atasikiliza. Mwisho atasema, "Nh," na hasira itakuwa imekwisha, hata yeye mwenyewe Bi Mwamvua hajui imekwishaje. Ndipo humwekea kiganja mgongoni. Alikuwa wa moto, wallahi. Alikuwa wa moto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

Siku aliyozikwa, ardhi ilijigeuza kidogo, kiheshima, kama mtu anayepisha jeneza. Watu waliporudi makaburini walikuta chuma kina moto, na moto huo haukuondoka mpaka magharibi ya siku iliyofuata. Mtaa mzima ulikuja kugusa. Wakasema, bila kunong'ona, kama wanavyosema fulani amehama: Shomari amehamia pembeni.

Bi Mwamvua alilipokea neno hilo akaliweka. Hakulia. Alikaa eda yake akaitimiza, akakifuta chuma kila asubuhi kwa kitambaa cha pamba, akawa anazungumza nacho.

Leo samaki wadogo. Muuza samaki amekuulizia, yule yule. Nikamwambia upo. Upo, si upo?

Zaina hali. Anasema anasikia harufu ya vitunguu hata kwenye maji. Nimemwambia na mimi nilikuwa hivyo. Wewe wakumbuka.

Mwenyezi Mungu akupe nafasi huko uliko. Na huko uliko ni hapa.

Zaina alikuwa binti yao wa pekee. Alirudi kwa mama yake kujifungua, kama mtoto wa kwanza anavyotakiwa azaliwe, na akajifungua salama mtoto wa kiume mwenye paji la uso la babu yake na ghadhabu ya bibi yake. Wakalazwa chumba cha juu, mama na mtoto, juu kabisa ya ile kona. Godoro la mtoto lilikuwa chini ya dirisha, kando ya ukuta. Zaina aliona jambo ni wazi kama maji: mtikiso wa kwanza ukipita, mtoto ataitwa Shomari.

"Jina hilo lina mwenyewe," Bi Mwamvua alisema.

"Mwenyewe amekufa, mama."

"Mwenyewe yuko chini hapo anafanya kazi. Jina haliwezi kulala nyumba moja mara mbili. Litachanganyikiwa."

Zaina hakubisha. Lakini alimtazama mama yake akimkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, kwa ufundi, bila kosa, na akaona kwamba mikono ile ilikuwa baridi. Ilikuwa baridi tangu mazishi. Mama alimwita mtoto "mgeni". Mgeni ameamka. Mgeni ana njaa. Na Zaina alipata hofu asiyoweza kumweleza mtu, kama ya mtu anayegusa ukuta nyumbani kwao akakuta si ule.

*

Ishara za Mgeuko zilianza kwenye visima. Maji yalipanda yakawa vuguvugu. Kuku wakakataa kushuka kwenye madari. Mgeuko ni mtikiso ambao si wa kujisogeza, ni wa kulala upande wa pili kabisa. Huja mara moja katika maisha ya mtu, na walioupitia hawakubaliani ulikuwaje, kwa kuwa kila mmoja aliutazama akiwa chini ya meza yake.

Kwa hiyo Fundi Mbwana alipita nyumba hadi nyumba na debe la mafuta mapya. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye mikono mirefu, na mzaha wake ulitangulia kuingia kuliko yeye. Bi Kidawa, jirani wa Bi Mwamvua, alikuwa barazani kwake akipepeta, akamuuliza kama leo amenawa. Fundi akamjibu kwamba amenawa, lakini akikumbuka kuna kwenda kwa Bi Kidawa huwa anajiuliza kwa nini anajisumbua. Bi Kidawa akasema shokapu yake ilitiwa mafuta na mikono hiyo hiyo michafu na mpaka leo inapiga kelele kama mume wake. Wote watatu wakacheka, na Bi Mwamvua, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, akamkaribisha fundi ndani akicheka bado.

Alipiga magoti kwenye kona. Akapapasa, akasikiliza, akachovya kijiti pale fimbo inapotokea. Akakileta kwenye mwanga. Tone lilikimbia juu ya kijiti kama chai.

Alieleza taratibu, kama alivyoeleza kila nyumba. Mafuta yamekuwa mepesi. Yamepita kwenye vile vitundu miaka yote hiyo mpaka yamesahau uzito. Chuma ni kizima, fimbo nzima. Atafungua skrubu ya chini, atayamwaga ya zamani, atatia mapya, kazi ya kitambo kidogo. Mgeuko ukiikuta shokapu na mafuta haya, nyumba itayumba kupita kiasi, na ghorofa ya juu ndiyo itakayolia.

"Huwezi kumwaga mtu," Bi Mwamvua alisema.

Fundi akavua kofia, nayo ilikuwa kofia aliyoishona Shomari, maana na yeye ni mtu wa Mgongoni na pole alishazitoa nyingi. Akaikunja na kuikunjua.

"Mama, mimi nimejaliwa kujua mafuta. Yumo nani ndani, hilo halikupita mikononi mwangu. Lakini juu hapo kuna mtoto hajapata hata jina. Nitalalaje?"

Bi Mwamvua alimpa kahawa na kashata. Alimwambia maneno mazuri, kwamba atazame nyumba za wenye haraka kwanza, na arudi kesho. Fundi aliipokea hiyo kesho kama anavyoipokea mtu yeyote wa mji ambao kesho yaweza kuwa Jumanne iliyopita. Alipoinama kuvaa viatu alikohoa, kikohozi kifupi, kikavu, na Bi Mwamvua akaacha kuokota vikombe. Kilikuwa kikohozi cha Shomari. Alitazama: mgongo uliokuwa mlangoni ulikuwa wa Shomari pia. Kisha fundi akageuka kuaga na ukawa wake tena.

Adhuhuri haijaadhiniwa, ardhi ikajisogeza, kidogo tu. Vikombe viligongana, mtoto hakuamka, na mtikiso usiomwamsha mtoto hauhesabiwi kuwa wake. Lakini pale pembeni chuma kililia. "Nhhh." Kirefu, cha ndani, kama siku zile za mwisho, Shomari alipogeuzwa kitandani na kila upande ulikuwa na maumivu yake. Bi Mwamvua akaweka kiganja, akakiondoa upesi. Kilikuwa kinaunguza.

Alikaa kwenye kigoda. Na hapa mawazo yake yalikuja vipande vipande, ndivyo alivyowaza tangu alipofiwa.

Kila mtikiso, yeye. Wa jirani, yeye. Wa njia, yeye.

Tunaweka kiganja tunasema pole, tunakwenda kufagia. Nani aliyewahi kumwambia inatosha?

Tumemfanya mtu akawa kona.

Ewe Mola, hata punda hufunguliwa.

Stoo kulikuwa na kitanda chao, kimefunguliwa, kimeegemezwa ukutani. Bi Mwamvua alitoa tendegu moja, la mninga, zito. Aliliingiza katika ule uwazi ambamo fimbo huingia na kutoka. Likakaa barabara, kana kwamba seremala alipima. Kisha akavua kanga yake aliyopewa siku ya ndoa, iliyokwisha kuwa laini kama maji, akazungusha, akakaza, akafunga fundo kama analofunga mtu mzigo wa safari. Akajaribu kusukuma kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka.

"Pumzika," akakiambia. "Mimi nipo."

Akaenda kutawadha. Na katika sala ile, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alikuwa na utulivu, na hakujua kwamba ulikuwa utulivu wa kitu kilichofungwa.

*

Yafaa hapa kusimama kidogo, kama alivyokuja kusimama yeye baadaye, akakifikiri kitendo hicho bila kukichukia. Mtu wa mji mwingine asingefanya hivyo. Mtu wa mji mwingine angeona bomba. Ni pale tu ambapo watu wamefundishwa kukipa chuma pole ndipo mtu anaweza kukionea chuma huruma mpaka akakiua. Huruma yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni kudhani kwamba anayebeba amekusudiwa mateso, na kwamba kumpenda ni kumfanya asitikisike. Nyumba nzuri hurukuu. Mtikiso ukija huinama, hunyooka, huinama, kama mwenye kusali. Isiyokubali kuinama haina nguvu kuliko nyingine. Ina kiburi tu, na kiburi cha ukuta hukaa kwenye plasta.

*

Mtikiso wa kwanza wa Mgeuko ulikuja asubuhi, Zaina akiwa amemtoa mtoto kwenye godoro na kumpeleka ngazini, kwenye kijua.

Nyumba haikuinama. Ilipigwa. Bi Mwamvua, aliyekuwa jikoni, aliisikia ikipigwa kama anavyopigwa mtu aliyefungwa mikono. Mlio ulipanda kutoka kwenye msingi, ukakimbia ndani ya nguzo ya pembeni, ukatafuta mahali pa kuchokea usipate, ukapanda juu. Halafu kitu kilipasuka. Halafu vumbi likashuka ngazi taratibu, jeupe, kama bibi harusi.

Zaina alikuwa amekaa ngazini, amemfunika mtoto kwa mwili wake. Wazima wote wawili. Mtoto alikuwa akimkaripia kila mtu. Chumbani juu, ukuta ulikuwa umechanika kutoka dirishani hadi chini, na matofali mawili yalikuwa yamelala juu ya godoro, pale pale panapolala kichwa, kimya, kama watoto wa watu wengine.

Miguu inajua desturi kabla ya kichwa. Zaina alishuka na mtoto begani, akapita moja kwa moja mpaka kwenye kona, akasahau hata kumpisha mkubwa atangulie. Akaweka kiganja.

Akakiacha hapo muda mrefu.

"Mama," akasema. "Baba hayupo."

Chuma kilikuwa baridi kama mtungi. Ndipo Zaina alipoliona tendegu, na kanga aliyoijua tangu utotoni, na fundo.

"Ulimfunga?"

"Nilimpumzisha."

"Mama yangu." Zaina hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema na mtoto aliyeamka vibaya. "Baba alishapumzika. Tulimpumzisha makaburini, watu wote walikuwepo. Huyu hapa tulimweka afanye kazi."

Bi Mwamvua alitaka kujibu. Alikuwa na jibu, lilikuwa kooni. Lakini wakati huo huo Bi Kidawa alikuja mbio uani, hana kiatu kimoja, mtandio umemwanguka, na kwa kuwa mtikiso ulikuwa mkubwa majina yalikuwa yametoka mahali pake, naye akaita jina la kwanza lililomjia mdomoni.

"Shomari! Shomari, mpo salama?"

"Nh," akaitikia Bi Mwamvua.

Lilitoka kifuani kwake, lile lile, fupi na la chini, na likatulia ndani ya vumbi. Wote wanne walilisikia. Hata mtoto aliacha kulia. Bi Kidawa alijishika mdomo. Bi Mwamvua alijishika koo.

Miaka yote ile alikuwa ameuliza mtikiso huenda wapi. Hasira zake za sokoni, alizomwaga mbele ya kigoda, zilikwenda kwenye mgongo wa Shomari zikawa joto, na lile joto lilikwenda kwenye kiganja chake yeye, kila siku, kidogo kidogo. Kitu hakipotei. Alikuwa amefuta bomba kwa kitambaa cha pamba, akalizungumzisha, akalifungia kanga, na mtu mwenyewe alikuwa kooni mwake muda wote, akingoja tu aitwe.

Jina lilikuwa limesimama pale uani. Kwa kawaida jua likipanda kila jina hurudi kwa mwenyewe. Hili halikuwa na pa kurudi. Lilizunguka miguuni mwao kama paka wa nyumba iliyohamwa.

"Kidawa," Bi Mwamvua alisema, "niitie fundi. Mwambie kesho imefika."

Kisha akapiga magoti akalifungua fundo kwa meno.

*

Fundi Mbwana hakuuliza tendegu lilifika vipi. Aliliona, akalitazama, akaliegemeza ukutani kwa adabu. Akaweka beseni chini ya skrubu. Akamtazama mama mwenye nyumba.

"Mwanzo wake uufungue wewe, mama. Nusu mzunguko tu. Mimi nitamalizia."

Bi Mwamvua alishika spana juu ya mkono wa fundi. Akasema Bismillahi. Ikagoma, ikalegea.

Mafuta yalitoka meusi, mepesi, bila fujo. Yalinuka kama nyumba. Yalinuka kama siku zote walizokaa humo, mtikiso juu ya mtikiso, ule wa mabirika na ule wa harusi, kila siku iliyokuja kuwavunja na haikuweza. Bi Mwamvua aliyatazama yakijaa beseni, na katikati ya kuyatazama, mabega yake yakaanza kutetemeka. Alidhani ni ardhi. Akashika nguzo. Nguzo ilikuwa imetulia. Ni yeye aliyekuwa akitikisika, kutoka kwenye nyayo, akiinama na kunyooka, akiinama na kunyooka, na sauti ikamtoka ambayo haikutoka kwenye mazishi. Alilia kama anavyolia mjane, kwa jina la mumewe, na hakuna aliyemkataza. Fundi aliendelea na kazi, uso ukutani. Bi Kidawa alilia pia, akasema yeye analilia kiatu chake.

Mafuta mapya yaliingia polepole, mazito, ya rangi ya asali. Yale ya zamani Bi Mwamvua hakukubali yatupwe. Alichovya unyoya wa kuku akapaka bawaba za milango yote ya nyumba, akimaliza na ule wa chumba cha juu, ili mtu akiingia kumtazama mtoto mlango usimwamshe.

Mgeuko wenyewe, ule mkubwa, ulikuja alasiri. Walikuwa sebuleni, chini ya meza, wanawake watatu na mtoto, na fundi nusu yake ilikuwa nje kwa urefu. Wataalamu wataeleza wenyewe ulikuwaje. Kwa Bi Mwamvua ulikuwa hivi: aliyelala chini alichoka upande mmoja, akavuta pumzi, akageuka. Na nyumba ikarukuu. Boriti ikaenda na kurudi, nguzo ikaenda na kurudi, mlango mmoja wa juu ukafunguka na kufungwa wenyewe bila sauti yoyote, na pale pembeni fimbo iliingia na kutoka, ikaingia na kutoka, bila kulia, kama mwanamke anayetwanga akiwaza mambo yake. Bi Kidawa alimkumbuka mume wake kwenye sinia la pilau, akaanza kucheka chini ya meza, akashindwa kunyamaza.

Kisha kukawa kimya. Kimya cha mtu aliyepata upande mzuri.

Mkubwa wa nyumba alitangulia. Bi Mwamvua aliweka kiganja na chuma kilikuwa cha moto, moto safi, mpya, usio wa mtu yeyote.

"Pole," akakiambia, na mara hii alikuwa anakiambia chuma.

Fundi naye akagusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bi Kidawa akagusa, akasema cha kwake nyumbani hakijawahi kumfanyia hivi. Zaina akamwinamisha mtoto, na kile kiganja kidogo, chenye mikunjo kama cha mzee, kikafunguka juu ya chuma. Mtoto akashangaa. Akauvuta mkono, akatoa sauti. Haikuwa kilio.

"Haya, Shomari," Bi Mwamvua akasema, akimpokea. "Tumekusikia."

Jina likaingia mahali pake. Watu wote waliokuwepo walilihisi likikaa, kama mguu wa meza uliokuwa ukicheza ukapata kipande chake cha karatasi.

Walianza kutawanyika, kila mmoja kutafuta ufagio. Zaina peke yake hakuondoka. Alisimama nyuma ya mama yake, aliyekuwa amembeba mtoto na kumnusa paji la uso, na akafanya jambo ambalo halikuwa katika desturi ya Mgongoni. Aliweka kiganja kwenye mgongo wa mama, kati ya mabega, akakituliza hapo kama anayesikiliza.

"Una moto," akasema kwa sauti ndogo. Na baada ya kitambo, "Pole, mama."

Bi Mwamvua hakugeuka. Alikuwa ametoa pole nyingi maishani mwake, kwa chuma na kwa watu, na hakujua anayepewa hujibu nini. Mtoto alijisogeza mikononi mwake, akitafuta upande.

"Usiuondoe mkono," akamwambia binti yake. "Bado kidogo."